Nikienda Kisumu nakula peke yangu, lakini mke wangu haamini

Kukhu, nyanya yetu wa ushauri, pokea salamu kutoka Nakuru.

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari, nje ya nyumba yangu mwenyewe, kwa sababu huko ndani hakukaliki tangu Jumapili.

Nina miaka 47, naishi Kiamunyi na mke wangu na watoto watatu. Kazi yangu ni kutengeneza mashine za maabara za hospitali, zile za kupimia damu na zile za kuzungushia chupa. Mara mbili kwa mwezi kampuni hunituma magharibi. Natoka Nakuru alfajiri nimevaa sweta, napita Salgaa, Mau Summit, Londiani na Kericho, na gari likianza kuteremka kutoka kwenye majani chai kuelekea Awasi na Ahero naivua naitupa kiti cha nyuma. Nikifika nazunguka hospitali za Kisumu, Vihiga na Kakamega siku mbili tatu, kisha narudi nyumbani.

Miaka mitatu iliyopita, Alhamisi moja, mashine ya hospitali fulani mjini Kisumu ilinisumbua hadi saa mbili usiku. Nilitoka na njaa ya kutoa macho. Askari wa getini akaniambia kuna nyumba kule Milimani, mama mmoja hupikia watu, "lakini bei yake, mkubwa, jipange." Nikaenda. Nje hakuna bango. Ni nyumba ya zamani ya bati jekundu, ina veranda na mwembe, na ndani mna meza saba zenye vitambaa vyeupe. Mwenye nyumba ndiye mpishi, kijana wake ndiye weita. Menyu hakuna. Unakula kilichopatikana siku hiyo, sahani tano, moja ikiondoka nyingine inaingia, kwa shilingi 3,800.

Niliposikia hiyo bei nilitaka kuinuka. Kabla sijainuka kikaja kikombe kidogo kama cha kahawa chungu, kina supu ya samaki. Supu yenyewe nyepesi, unaona hadi chini ya kikombe, hakuna mwiba wala kipande cha nyama, lakini ukiimeza ni kama ziwa lote limekupitia kooni. Baada yake wakaja omena, wale dagaa wa ziwani, watano (nimehesabu) wamelazwa juu ya ukoko wa ugali. Ukoko, Kukhu! Ule tuliokuwa tukiugombania sufuriani utotoni, umekaangwa ukawa kama biskuti. Kisha mrenda, ile mboga ya kuteleza, kisha ngege (sato) wa kuchomwa, na mwisho ndizi iliyopikwa kwenye majivu ikamwagiwa asali. Nilipotoka nilikaa garini dakika kumi bila kuwasha injini.

Tangu siku hiyo sijakosa. Kazi ikiwa Kakamega bado nalala Kisumu. Jioni naendesha kilomita kama 50 kupitia Chavakali na Majengo, nafika, naoga, naenda. Posho yangu ya usiku mmoja ni shilingi 6,500. Ili hesabu ikubali nalala lojing'i ya 1,500 huko Kondele, yenye taulo nyembamba kama leso ya mfukoni, nakula chakula cha 3,800, na 1,200 inayobaki ndiyo chai na chakula cha mchana. Sigusi pesa ya nyumbani hata shilingi.

Meza yangu ni ile iliyo karibu na mlango wa jikoni. Mama huyo sasa ananijua. Kukiwa na wateja wachache hutoka na kijiko, anaketi kidogo mbele yangu, anasema, "Onja hii, baba, niambie imepungukiwa nini." Nami namwambia. Siku moja nilimwambia supu imekaa motoni kupita kiasi. Akaonja mwenyewe, akanyamaza, akaenda akaimwaga yote. Kukhu, nilijiona mtu.

Sasa sikia balaa. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ni mtu wa boda boda Kisumu. Mwezi uliopita alileta abiria pale getini, akachungulia, akaniona nimeketi verandani na mwanamke ananilisha kwa kijiko. Hakunisalimia. Alimpigia dada yake.

Mke wangu hakupiga kelele. Alichukua simu yangu, namba ya siri anaijua, akapekua M-Pesa kurudi nyuma hadi akachoka. Kila Alhamisi ya safari: 3,800 ya chakula, 1,500 ya lojing'i Kondele. Akaiweka simu mezani akasema, "Baba Imani, chakula cha watu wawili na chumba cha bei ya chini. Mimi si mtoto."

Nimeapa kwa kila kitu. Anasema kama kweli ninakula peke yangu, basi nimpeleke naye akaione hiyo meza, la sivyo niache kabisa.

Hapo ndipo nimekwama. Kuacha siwezi. Kumpeleka sitaki, na nitakwambia ukweli kwa nini. Mke wangu amezaliwa na kukulia Obunga, Kisumu, na ameniambia mara nyingi kwamba walikua wakila mgongo wazi, ule uti wa samaki aliyekwisha kutolewa minofu, asubuhi na jioni kwa sababu hapakuwa na kingine, na kwamba akishika pesa yake hataula tena. Sasa ile supu ya kikombe nilimwuliza mama ni ya nini. Ni ya mgongo wazi. Nikimkalisha mke wangu mbele ya mgongo wazi wa shilingi 3,800 atanicheka hadi Nakuru, au atalia, na sijui lipi baya zaidi. La pili ni kwamba pale ndipo mahali pangu. Akishakaa kile kiti cha mbele yangu, hapatakuwa tena mahali pangu.

Usidhani nakimbia chakula cha nyumbani. Mke wangu hupika vizuri tu, sina malalamiko.

Nimpeleke, au nimpe sababu gani?

Msafiri wa Alhamisi, Nakuru


KUKHU ANAJIBU

Msafiri wa Alhamisi, mwanangu,

Kwanza nakuamini. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mwanamke, sikumpata. Mwanamume mwenye mpango wa kando hahesabu omena. Kwa hiyo hilo tuliweke pembeni, wewe na mimi.

Lakini sasa vaa leso ya mkeo, ukae mahali pake, ushike hiyo simu. Mume wako analipa 3,800 kwa mlo mmoja, kisha analala chumba cha 1,500, Kondele. Mtu anayejihurumia hivyo tumboni anawezaje kujitesa hivyo kitandani? Hesabu ya kawaida haikubali. Hata mimi ningesema chakula ni cha wawili na chumba ni cha haraka. Mdogo wake naye akaleta kijiko. Ulifungwa kamba na mikono yako mwenyewe, na kilichokufunga ni kwamba miaka mitatu hukuwahi kusema neno. Ungerudi ile Ijumaa ya kwanza ukamwambia, "Mama Imani, jana nimekula ukoko wa ugali kwa shilingi 3,800, nimekuwa mwendawazimu," mngecheka wote wawili na jambo lingeisha. Lugha yetu nayo haikusaidii. Hapa kwetu hoteli ni popote penye chai na mandazi. Mimi mwenyewe nilikuwa na hoteli ya mabati pale Luanda, barabara ya Kisumu kwenda Busia, kwa miaka 22, na haikuwa na hata kitanda cha kuku. Lakini mwanamume akisema "nilikuwa hotelini" baada ya kukamatwa, jaribu uone inavyosikika.

La pesa nitalipitia upesi. Mara 24 kwa mwaka kwa 3,800 ni 91,200. Miaka mitatu ni 273,600. Usiniambie ni posho. Posho ikishaingia mfukoni haina jina lingine, ni pesa, na anayenunua unga Kiamunyi hakujua ipo. Sisemi uliiba. Nasema umwandikie hesabu hiyo kwenye karatasi umpe kabla hajaifanya mwenyewe, maana naamini ameshaifanya.

Sasa nirudi kwenye lile ulilolipita kama mtu anayeruka mtaro. Umeniandikia maneno kama mia tatu kuhusu upishi wa mama wa Milimani. Supu unaona hadi chini ya kikombe. Ukoko kama biskuti. Ziwa limekupitia kooni. Kisha ukafika kwa mkeo, anayekupikia mwaka wa ngapi sijui, na maneno yako yakawa haya: "hupika vizuri tu, sina malalamiko." Sina malalamiko! Hivyo ndivyo mtu anavyosema kuhusu fundi wa mabomba. Nimekaa jikoni maisha yangu yote na nakuhakikishia, "sina malalamiko" ni neno baya kuliko "leo umezidisha chumvi." Anayesema chumvi imezidi ameonja.

Umejiuliza kwa nini pale Milimani ulijiona mtu? Si kitambaa cheupe. Ni kwa sababu mpishi alitoka na kijiko akakuuliza, ukamjibu ukweli, akaimwaga supu. Hujui ni jambo kubwa kiasi gani mpishi kumwaga sufuria nzima kwa neno la mteja. Mimi nilifanya hivyo mara mbili katika miaka 22, na mara zote mbili alikuwa mteja wa kila wiki, mtu ambaye ulimi wake nilikuwa naujua. Mgeni akisema supu mbaya unamjibu, "Hivyo ndivyo tunavyopika huku." Mwenyeji wa meza akisema, moyo unashtuka. Kwa hiyo ulimi huo unao. Swali langu ni lini mara ya mwisho uliutumia Kiamunyi. Mama Imani akipakua, wewe unaangalia sahani au unaangalia simu?

Nikupe kisa kimoja, halafu nitaingia kwenye safari yenyewe. Luanda nilikuwa na dereva wa lori aliyekuwa akipita kila Jumanne. Alikula matumbo tu, na pilipili kavu iliyotwangwa, na alitaka yaive hadi yakatike kwa kijiko. Nilikuwa namjua kwa kikohozi kabla hajaingia. Alikuja miaka kumi na moja. Jumanne moja hakuja, na ya pili, na ya tatu ndipo utingo wake akaja kunipa habari. Nikaenda kwenye mazishi, si mbali, huko Hamisi. Mjane alinipokea vizuri, akaniuliza nilijuana vipi na marehemu. Nikasema, mimi ndiye wa matumbo. Akaniangalia sana. Akasema, "Lakini huyu hakuwa akila matumbo. Siku ya kwanza niliyopika alisema tumbo linamkataa, sikupika tena." Mwanangu, nilijihisi nimebeba kitu cha mtu mwingine. Sijui alikuwa akilinda nini yule mzee. Labda alitaka kuwa na kitu kimoja kisichoulizwa. Lakini mimi mchuuzi wa chakula ndiye niliyejua hamu yake, na mwanamke aliyemzalia watoto sita hakujua. Sikuwahi kuifurahia habari hiyo.

Kwa hiyo mpeleke. Sasa sikia namna ya kumpeleka, kwa sababu hapa ndipo wanaume huharibu.

Usimpeleke Alhamisi. Alhamisi ni ya kazi, utafika umechoka, unanuka dawa za maabara, na utakuwa unakula kwa posho ya kampuni. Mpeleke Jumamosi, kwa pesa yako, mkitoka Nakuru pamoja asubuhi. Kuna kampuni ya matairi kule Ufaransa, Michelin, ambayo mwaka 1900 ilitoa kitabu cha bure cha kuwaonyesha wenye magari mahali pa kula na kulala. Mjukuu wangu anayesomea upishi ndiye aliyenieleza. Walitaka watu wasafiri ili matairi yaishe! Mwaka 1926 kitabu hicho kikaanza kutoa nyota, na baadaye zikawa ngazi tatu: moja, wanapika vizuri, mbili, panafaa ukate kona upapitie, tatu, panafaa safari ya kwenda hapo tu. Wewe kwa miaka mitatu umemwambia mkeo kwamba Kisumu ni kazi, huku ukiendesha kilomita 50 za usiku kutoka Kakamega kwa ajili ya kikombe cha supu. Umempa mama wa Milimani nyota tatu kimyakimya. Sasa fanya safari ya nyota tatu waziwazi, na mkeo akiwa kiti cha mbele.

Mpigie mama simu siku mbili kabla. Meza saba si nyingi, na mpishi wa namna hiyo hununua samaki kwa idadi ya watu. Mwambie mtakuwa wawili, na mwambie utamleta mama watoto. Basi. Usimweleze ugomvi wenu, si wake. Na, sikiliza hili vizuri, usimwombe abadilishe mwenendo wake. Akizoea kutoka na kijiko, atoke nacho. Akizoea kukuita baba, akuite. Mwanamke akiona mpishi aliyekaa mbele ya mumewe mwezi uliopita leo anampita kama hamjui, hapo ndipo atakapojua pana jambo. Ukarimu wa jikoni hauna siri. Siri huletwa na mtu anayejaribu kuuficha.

Angalia kalenda pia. Kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa upande wetu wa ziwa ili wazaane, kwa hiyo usimwahidi omena wako watano kisha wakakosekana ukaonekana mwongo tena. Na magugu maji yakijaa ghuba ya Kisumu, mitumbwi hukwama na ngege hupanda bei au hakuna kabisa. Uliza kwanza kuna nini.

Tukija kwa mgongo wazi. Hapa una hofu, na hofu yako ina sababu, sitaidharau. Vijana wengi leo hawajui jina hilo lilitoka wapi. Mbuta (sangara) hakuwa samaki wa ziwa hili, aliletwa miaka ya 1950. Viwanda vya minofu vilipoanza miaka ya 1980, nyama ya mbuta ikawa inakatwa, inagandishwa na kupelekwa Ulaya. Kilichobaki kwetu kilikuwa kichwa, mkia na ule uti katikati ukiwa umeachwa mtupu, ndiyo maana tukauita mgongo wazi. Obunga ndiko ulikokaangwa, kwa mapipa ya mafuta, moshi umetanda kuanzia asubuhi. Watu walikula samaki wao baada ya wageni kumaliza. Mkeo hakukataa ladha. Alikataa kukumbuka.

Sasa ukimkalisha mezani, ukamwacha anywe kikombe, halafu ndipo useme kwa tabasamu, "Unajua hiyo ni nini?" nitakuja Nakuru mwenyewe nikupige na mwiko. Usimfanyie mtego. Mwambie mkiwa barabarani, mapema, pengine mkishapita Kericho na madirisha yameanza kufunguliwa. Mwambie sahani ya kwanza ni supu ya mgongo wazi, umechemshwa polepole na kuchujwa kwa kitambaa, na kwamba ndiyo iliyokushika miaka yote hii. Mwambie kama hataki, kikombe chake kitarudi jikoni na hakuna atakayeuliza. Kisha nyamaza, uendeshe gari.

Atakachofanya sikijui, na wewe hukijui. Anaweza kukataa. Anaweza kukasirika kwamba kuna mtu anauza umaskini wa kwao kwenye kikombe cha kaure, na hatakuwa amekosea kabisa. Mimi pia wazo hilo limenipita nikisoma barua yako. Anaweza kuonja akamwambia mama kwamba uti ulichomwa kidogo kabla ya kuchemshwa, jambo ambalo wewe kwa miaka mitatu hukuligundua. Umekuwa ukinywa supu ya utoto wa mkeo, mwanangu, na mtu pekee unayemjua anayeweza kukueleza ladha yake imetoka wapi, ndiye unayemficha.

Ukishaketi, usimfundishe. Usiseme "subiri uone inayofuata." Usimfundishe samaki mtu wa Obunga. Mpe kiti kinachotazama mlango wa jikoni, kile chako, wewe ukae kile cha mbele. Mle. Mama akitoka na kijiko, kitafika kwa nani kwanza, ni shauri lake.

Kuhusu kulala: usithubutu kumpeleka Kondele kwenye ile taulo. Na usimwambie alale kwao Obunga, maana wewe mkwe huwezi kulala ukweni na mtaishia kulala mbalimbali siku mliyotoka kupatana. Lipa chumba cha maana usiku mmoja. Asubuhi pitieni kwa mama mkwe mkiwa na sukari na mkate, na shemeji wa boda boda akiwepo, mnunulie mafuta ya pikipiki umshukuru kwa kumchunga dada yake. Sema hivyo bila kejeli, kama unaweza.

Halafu lile la pili, kwamba hapatakuwa tena mahali pako. Hilo sikucheki. Mtu wa kazi za barabarani, anayeingia hospitali akikutana na mashine iliyokufa na daktari aliyenuna, anahitaji mahali pa kuketi ambapo hakuna anayemwita fundi. Baada ya Jumamosi hiyo, mwombe Alhamisi moja kwa mwezi iwe yako peke yako, bei yake ikijulikana. Moja, si mbili. Ile nyingine kula samaki wa kawaida kando ya ziwa, ukalale kwenye kitanda chenye blanketi. Lakini ukimwomba hilo, jiandae kuulizwa yeye mahali pake ni wapi. Wewe umekuwa na meza karibu na mlango wa jikoni kwa miaka mitatu. Yeye amekuwa ndani ya jikoni. Kama ana saluni anayoipenda, kama ana kwaya, kama anataka Jumamosi moja kwa mwezi akae Kisumu na dada zake bila watoto, utashika watoto, na utapika wewe.

Jambo moja la kufanya leo, kabla ya Kisumu yote hiyo. Shuka kwenye gari hilo. Ingia ndani. Chochote kilichopikwa jioni hii, kiweke mdomoni na simu ikiwa mfukoni, umwambie umeonja nini. Kama ndimu imepungua, sema. Atakuuma kwa maneno, ni haki yake, pengine atakwambia uende ukale Milimani. Vumilia, ongeza ugali.

Na niandikie alivyosema kuhusu hiyo supu. Mgongo wazi niliuuza miaka mingi kwa pilipili na kachumbari, lakini kuuchuja kwa kitambaa sikuwahi kufikiria, na wiki hii nimetuma mtu Kisumu aniletee migongo minne.

Kukhu